Vigelegele Kabla Wimbo Haujaisha

Watoto wa huku kwetu mtaa wa Kikuyu, Dodoma, wanamwita jirani yangu Bibi Karanga. Kila asubuhi anakaanga karanga za Kongwa kwa chumvi, na harufu yake ndiyo saa yetu ya kuamka. Nimeishi jirani naye miaka kumi na moja bila kujua kwamba aliwahi kuimba, hadi alipobisha kwangu Fabian, kijana anayekusanya nyimbo za dansi zilizosahaulika, akimuulizia Dorkasi wa bendi.

"Huyo ni marehemu," bibi akajibu kutoka ng'ambo ya ua, huku akipepeta karanga. "Mimi ni dada yake mzee."

Kumbe Dorkasi alikuwa yeye mwenyewe. Alikubali wimbo wake uingie kwenye albamu ya Fabian kwa sababu moja tu. Mwaka 1979, mafundi wa redio walipokuja Dodoma kurekodi bendi, mama yake alitoka kijijini kuja kumrudisha nyumbani. Hakutaka mtoto wa kuimba kwenye mabaa. Mama akakalishwa mwisho wa ukumbi, akaambiwa anyamaze mpaka taa nyekundu ya kurekodi izimike. Ubeti wa tatu ukamshinda. Akapiga vigelegele kabla wimbo haujaisha, na utepe uliobaki ulitosha wimbo huo mmoja tu, haikuwezekana kurudia. Ukaenda redioni vivyo hivyo.

Mama alifariki miaka mitano baadaye. Hakuacha hata picha.

Albamu ilipofika, bibi alinawa mikono, akavaa kitenge kipya, akaja kusikiliza kwangu. Sauti yake ya usichana ikajaa sebule. Hakuijali. Alikuwa ameinua kidole, anangoja. Ubeti wa tatu ukapita na gitaa tupu.

"Rudisha," akasema.

Nilirudisha mara tatu. Kidole kikashuka, nami nikampigia Fabian, nikampa bibi simu.

"Shikamoo, bibi! Umeusikia?"

"Marahaba. Mama yangu yuko wapi?"

Ikabidi bibi amweleze habari ya ukumbi na taa. Kijana akakohoa. "Zile kelele za nyuma? Tulizisafisha, bibi. Wimbo sasa umetakata."

"Umemfagia mama yangu, baba, halafu unaniambia nyumba imetakata. Kwenye uzinduzi wako siji. Siingii ukumbi aliotolewa mama."

Fabian akasema taratibu, "Nakala ambayo haijasafishwa ninayo. Njoo, bibi. Nitaipiga hiyo."

Jumamosi tukaenda. Bibi alibeba karanga kwenye mkoba, akagawa kwa mstari mzima wa mbele. Wimbo ulianza ukikwaruza. Vijana wakawa wanatikisa vichwa, wengine wameinua simu. Ubeti wa tatu ukafika, na kutoka mbali, nyuma ya gitaa, vikapasuka vigelegele virefu, vya mama asiyejali habari ya taa nyekundu. Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi.

Bibi Dorkasi hakucheka. Alinishika goti, akafumba macho.

"Umemsikia?" akaninong'oneza. "Hata leo hajasubiri."