Msiba Aliokatazwa Modest

Mdogo wangu Modest alikuwa dereva wa lori, na kama kuna mtu aliyechoka kumsubiri afike, mtu huyo ni mimi. Madereva wenzake walioondoka naye Kigwa walikuwa wanafika hapa Tabora mjini, nilikoolewa, wanakunywa chai, wanapakua mizigo, ndipo unasikia lori lake linanguruma kwa mbali. Watu walimtania kwamba hata kobe mwenye haraka haombi lifti kwa Modest. Yeye alicheka tu. Alikuwa na masharti yake: penye kona piga honi, penye ng'ombe simama, penye vumbi simama mpaka litulie. "Gari halina macho, dada," alikuwa akiniambia. Nami nilimjibu kwamba macho anayo, mguu wa kukanyagia mafuta ndio hana.

Lori lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Mzee Hamdun, mfanyabiashara wa mjini, mtu wa asili ya Omani ambaye ukoo wake ulifika Tabora enzi za misafara. Mzee Hamdun hakuwa mtu mbaya, alikuwa mlalamishi tu, na kilichomuuma kuliko vyote ni ada ya bima. Kila ilipopanda alikaa kwenye baraza ya duka lake akimweleza kila mpita njia. "Dereva wangu hajagonga hata kuku, nami natozwa sawa na vichaa wa barabarani." Siku moja nilimwambia kulipia bima ni kama kununua sanda ungali mzima. Akacheka, akasema, "Sanda, binti yangu, lazima utaivaa. Hii naomba Mungu nisiivae kamwe."

Modest aliishi Kigwa peke yake. Mkewe alirudi kwao Puge mapema tu baada ya ndoa, na hayo sitaki kuyasema leo, nitapandisha presha bure. Alichokuwa nacho ni rafiki mmoja, Alois. Walitundika mizinga pamoja porini, walikaa benchi moja kanisani, na jioni Modest alikula kwa Alois kana kwamba ni kwake. Mke wa Alois, Nyamizi, alimwita shemeji na alimwekea sahani hata siku ambazo gari limelala njiani. Kwa hiyo nikisema aliishi peke yake, mnielewe. Upweke wenyewe ulikuja baadaye.

Ulikuja kiangazi cha mwaka sabini na mbili. Modest alikuwa anatoka Kigwa na magunia ya mtama, akafuata ile barabara ambayo babu zetu waliipita kwa miguu wakiwa na mizigo vichwani. Basi moja likampita kwa kasi, likamfunika kwa vumbi. Alipunguza mwendo, lakini hakusimama. Siku zote alisimama, siku ile akapunguza tu, na mpaka leo hakuna anayejua kwa nini, hata yeye mwenyewe hajui. Alois naye alikuwa anatoka porini na baiskeli yake, amefunga madebe mawili ya asali nyuma. Alipoingia barabarani, kwenye vumbi lile lile, lori likamkuta.

Modest hakukimbia. Madereva wengi wakigonga mtu hukimbilia polisi kwa kuogopa kupigwa, nami siwalaumu sana. Yeye aliita watu waliokuwa shambani, wakampandisha Alois, wakamshikilia, akaendesha mpaka hospitali ya mjini. Alois alikata roho kabla hawajafika. Polisi wakaandika maelezo, wakaenda kupima barabara, wakalizuia lori, kisha wakamwachia Modest aje alale kwangu.

Asubuhi iliyofuata tuliitwa dukani kwa Mzee Hamdun. Tulimkuta na karani wa ofisi ya bima, kijana wa Kizaramo. Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi, na siku nyingine ningemfundisha adabu kwa utani mpaka akimbie. Siku ile sikuwa na mdomo. Modest akasema neno moja tu: anaomba ruhusa aende Kigwa kuzika, maana maiti ilikuwa imeshapelekwa na mazishi ni mchana huo huo.

"Usiende," karani akasema.

Akaeleza taratibu, wala hakuwa na jeuri. Gari lilikuwa na bima ya kumlipa mtu aliyegongwa, kwa hiyo mjane ana haki ya fidia. Lakini bima ina sharti. Dereva asikiri kosa kwa watu wa marehemu, asiwape kitu, asizungumze nao mpaka madai yamalizike. Akienda na rambirambi, akasimama mbele ya watu kuomba radhi, hapo amekiri, na wakubwa Dar es Salaam watapata sababu ya kujitoa. "Wakijitoa, nani atamlipa yule mama? Mzee Hamdun hapa?"

Mzee Hamdun akainamisha kichwa. Miaka ile maduka ya watu yalikuwa yamekauka, na lori lile ndilo lilikuwa limebaki kumlisha. "Modest mwanangu," akasema, "mimi mwenyewe ningetaka kwenda. Lakini tukienda tutakuwa tumemfariji siku moja na kumnyima maisha yote."

Nilimbana Modest tulipofika uani kwangu. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira siwezi kusema polepole. "Wewe umekuwa mtu wa wapi?" nikamwambia. "Rafiki ndiye hushuka kaburini kumpokea mwenzake. Leo nani atashuka? Kwetu asiyezika hazikwi, na hilo hukulisoma kwenye bima."

"Nyamizi ana watoto, dada," akasema. "Nimemwondolea mume. Nikaenda kumwondolea na fidia?"

"Basi nitumwe mimi nikamweleze."

Akakataa. Aliogopa kwamba Nyamizi akijua, siku akiulizwa na wakubwa atasema ukweli kwamba dereva alimtumia salamu, na mambo yataharibika. Aliniapisha kwa jina la marehemu mama yetu nisimwambie mtu wa Kigwa. Nikaapa, nikijilaumu wakati ule ule ninapoapa. Akakaa kwenye kigoda kutwa nzima, uso kaelekeza ukutani. Chakula nilichompa walikula kuku.

Alirudi Kigwa matanga yalipokwisha. Hakuna aliyemtukana, na mimi nadhani matusi yangekuwa nafuu. Alipopita, waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Akisema "mwangaluka" asubuhi, salamu yetu hiyo ya Kinyamwezi ambayo hata adui hujibiwa, walimwitikia kwa koo. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye tu. Ikitokea kazi ya kuezeka au kuvuna hakuitwa, na pombe ilipoiva hakuna mtoto aliyetumwa kwake. Walisema ameua rafiki na hakuja hata kumwona akifunikwa. Mtu kama huyo utamwambia nini?

Nilikwenda kumwona kila nilipopata nauli ya treni. Nilimkuta amefagia uwanja vizuri kwa ajili ya wageni wasiokuja. Akaanza tabia ya kusema peke yake anapopika, akimweleza Alois habari za mizinga. Nikimsikia, nilijifanya nimekwenda kuchota maji. Iliniuma, na niliichukia bima, nilimchukia yule Mzaramo, na siku nyingine nilimchukia Nyamizi ambaye hakuwa na kosa lolote.

Faili lilikwenda Dar es Salaam, likarudi, likatakiwa cheti hiki na kile, likaenda tena. Lori liliachiwa na Modest akarudi barabarani, akiendesha polepole kuliko zamani, na penye vumbi akizima kabisa injini. Mzee Hamdun alikuwa akienda ofisi ya bima mpaka walinzi wakamzoea. Kila mara jibu ni lile lile, linashughulikiwa.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji. Watu waliondolewa mashambani kwao wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, na waliopanga hawakuuliza nani ana nini na nani. Kiwanja cha Modest kikaangukia jirani na cha Nyamizi, ua wa mabua katikati. Alisikia Nyamizi akipepeta, alisikia watoto wakikohoa masika, na siku paa lao lilipovuja alisikia wakihamisha vyungu huku na huku. Alikuwa na ngazi, alikuwa na nyasi kavu, na alikuwa na mikono yake miwili. Akakaa ndani. Aliniambia kwamba usiku ule alimwomba Mungu mvua ikatike, kwa kuwa hakuwa na kingine alichoruhusiwa kufanya.

"Nenda kaezeke, mjinga wewe," nilimwambia. "Bima haipo nyuma ya ua."

"Imebaki kidogo, dada."

Ikabaki kidogo mpaka mwaka wa sabini na sita. Ndipo Mzee Hamdun alipokuja kwangu mwenyewe, anahema, kofia mkononi. Mjane amelipwa. Wakubwa waliona dereva alitakiwa kusimama kwenye vumbi, wakakubali fidia, na Nyamizi ameitwa mjini akapokea haki yake. Karani naye amesema sasa dereva ana ruhusa ya kuzungumza na amtakaye. Mzee Hamdun alilia, nami nikalia, na siku hiyo hiyo nikapanda treni kwenda Kigwa.

Modest hakulia. Alioga, akavaa shati la misa, akaniomba nimsindikize. Kutoka mlangoni kwake hadi kwa Nyamizi ni hatua chache tu, lakini alizunguka na kupitia mbele, barabarani, kama mgeni anayetoka mbali.

Nyamizi alikuwa amekaa mkekani anabangua karanga. Alimtazama kidogo, akasogeza ungo.

"Karibu, shemeji," akasema. "Karibu, dada."

Tukaketi. Akampa pole yake, pole ya miaka, akiirudiarudia na kukwama. Kisha akamweleza yote: karani, sharti la bima, vile ambavyo angekuja angemkosesha fidia, na vile ambavyo amekuwa akisikia paa linavuja. Nami nilikuwa najiambia moyoni, sasa ataelewa, sasa ndugu yangu atarudishiwa watu wake.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa Tabora," Nyamizi akasema alipomaliza.

"Nilikuwa kwa dada."

"Sisi tulikuwa tunakusubiri."

Modest akamtazama bila kuelewa.

"Mimi sikukuchukia, shemeji," Nyamizi akasema. "Alois nilimjua. Alikuwa akiingia barabarani bila kutazama, nimemgombeza kwa hilo tangu tuoane. Watu walipotaka kufukia, niliwazuia. Nikasema polisi wamemshikilia Modest, watamwachia, anakuja, yeye ndiye wa kushuka kumpokea. Tukakaa pale makaburini mpaka jua likaanza kuzama. Padri akasema hatuwezi kungoja zaidi."

"Nani alishuka?" Modest akauliza.

"Hakushuka mtu. Ilikuwa nafasi yako, nikawakataza wengine. Tulimshusha kwa kamba."

Kuhusu fidia Nyamizi alisema anamshukuru Mungu na Mzee Hamdun, imemsaidia, watoto watasoma. Alisema kweli, hakuwa na kejeli. Kisha akasema angeulizwa siku ile achague, angechagua mtu wa kushuka.

Hapo Modest akalia. Hakulia kiume, kwa kujificha. Alilia kama wanavyolia wanawake mlangoni maiti inapotolewa, akimwita Alois kwa jina, akimwomba amngoje, akipiga viganja mkekani. Nilimshika bega, akalitoa. Nyamizi hakumnyamazisha. Alifungua kitenge chake cha juu akajifunga kiunoni kama mfiwa, akaketi karibu naye.

Nyumba zile za mistari hazifichi sauti. Majirani wakaja mbio kutoka pande zote, wanawake mikono kichwani, wanaume wameacha majembe, wakijaa uani na kuulizana. Mmoja akamwinamia Nyamizi.

"Mama, poleni. Nani amefariki?"

"Alois," Nyamizi akasema.

Wakatazamana. Wengi waliondoka mmoja mmoja, wakarudi makwao. Wachache wakavua viatu, wakaketi chini pamoja nasi.