Vichwa Vilivyoniinamia Visiga

Aliyenivunja mguu ni Shabani wa bodaboda, hapahapa Visiga, mbele ya geti langu. Namtaja kwa sababu hajawahi kuja kuniomba msamaha. Nilikwenda kuuguzwa kwa dada yangu, huko Msimbu. Niliporudi majuzi nilipitishwa njia ya shambani, nikawekewa kiti uani. Juu ya uzio wa michongoma naona vichwa tu vya wapita njia.

Jamani! Kila mwenye pikipiki akifika usawa wa geti langu anapunguza mwendo, anainamisha kichwa. Hata abiria wake. Nikapigwa na butwaa: kumbe mtaa mzima umeingiwa na aibu! Nikawa naitikia, "Marahaba! Marahaba!" Jirani yangu Mwajuma, mwenye genge, alinisikia siku tatu akanyamaza. Naye namtaja.

Siku ya nne kikapita kichwa cha Shabani. Kikainama kuliko vyote. Machozi yakanitoka. Nikachukua magongo, nikafungua geti, nikapaza sauti: "Shabani mwanangu, nimekusamehe!"

Akasimama, ameduwaa. "Shikamoo, baba. Umenisamehe nini tena? Mimi nimepita tuta."

"Tuta gani?"

"Si hilo ulilolikanyaga! Wameliweka baada ya ajali yako."

Nikatazama chini. Kifusi na lami tu, kimemwinamisha Shabani, kitu ambacho mguu wangu uliovunjika haukuweza. Nikalistaajabia, nami kichwa chini.

Kutoka gengeni Mwajuma akaitikia, akiigiza sauti yangu: "Marahabaaa!"