Kahawa Aliyoirudisha Wifi

Siku ya tatu ya matanga ya mume wangu nilimpitishia wifi yangu kikapu cha kahawa kabla sijatafuna mwenyewe. Kwetu Bukoba mgeni hupewa kamwani, punje za kahawa zilizochemshwa na maganda yake zikakaushwa, na mwenye nyumba hutangulia kutafuna ili mgeni ajue hazina sumu. Sikuwa nimelala siku mbili, nilisahau, basi. Wifi akairudisha punje yake kikapuni mbele ya watu. Toka hapo hakula wala kunywa nyumbani kwangu, na huko kwao Muleba ikasemwa kwamba kaka yake hakufa kwa presha.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mwaka mzima nilizunguka mtaani kwetu Hamugembe nikijieleza kwa watu ambao hawakuniuliza. Nilichotaka ni kimoja tu: wifi atafune punje ya kwangu. Mwishowe jirani yangu, mama mmoja anayesuka vikapu, alichoka kunisikiliza. Akanipa sindano nene na kifungu cha nyasi kavu.

“Shika hapa,” akasema. “Ukiongea utakosea.”

Nilikosea hata nilipokaa kimya. Kikapu cha kwanza kilipinda, nikakiweka bandani kuku atagie. Lakini niligundua kwamba ninapozungusha nyasi na kuzifunga kwa uzi wa mgomba, siwezi kubishana na mtu asiyekuwepo. Mkono ukilegea kidogo tu, mshono unakusema. Nikawa nasuka kila alasiri, saa ambazo mume wangu alizoea kurudi. Sisemi nilipona. Nilianza kupata usingizi.

Juzi wifi alikuja mjini kwa shughuli za kanisa, akapita kwangu. Nilimtolea kahawa katika kikapu kipya, kidogo, chenye mstari mweusi ukingoni. Nikatafuna punje yangu taratibu, anione. Akakipokea, akakigeuza huku na huku, akapapasa mishono.

“Umekinunua wapi?”

“Nimesuka mwenyewe, wifi.”

“Kizuri. Nipe.”

Akamimina kahawa yote mezani, akatia kikapu kitupu kwenye mkoba, akaaga.

Moyo uliniuma, sitasema uongo. Mwaka jana ningemfuata hadi stendi nikipiga kelele. Nilikusanya punje, nikatafuna mbili, nikaanza kitako cha kikapu kingine. Nilipokumbuka kumkasirikia, kitako kilikuwa kimeshafika upana wa kiganja.