Kwenda Ndabibi Kuusikiliza Moyo wa Kariuki

Nilitoka Subukia kwa sababu ya ujinga wa watu wazima. Tabitha, mke wa Kariuki wa Ndabibi, alinitumia habari kwamba mumewe ametupa vidonge. Mimi na Kariuki tulipasuliwa kifua wiki moja, katika hospitali moja ya Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tukawekewa vali za moyo za chuma: kijumba kidogo chenye kigololi kinachogonga kila moyo unapopiga. Daktari alituambia tumeze vidonge vya kuzuia damu isigande kwenye chuma, kila siku, hadi kufa. Kwa miaka nilimeza, nikakamua ng'ombe wangu, nikazika watu wawili walioniambia sitafika Krismasi.

Asubuhi lori la maziwa lilinishusha Nakuru, nikapanda basi la Naivasha. Bwana mmoja mwenye tai alisikia kifua changu kikigonga, tak-tak, akauliza kama nimebeba saa. Nilipomwambia ni moyo, akasogea dirishani kana kwamba chuma huambukiza.

Alasiri, nyuma ya ziwa la Naivasha, lori la mboga likanifikisha Ndabibi. Boma lilijaa watu wakila mbuzi. Kariuki alikuwa kitini, miguu imevimba, anahema kama aliyetoka kupanda mlima. Kando yake alisimama mhubiri mwenye suti na miwani.

"Karibu, mathe! Umekuja kuona muujiza," akaniambia. "Ile chuma imeyeyuka, imekuwa nyama. Sikiza mwenyewe, kimya!"

Nikaweka sikio kifuani mwa Kariuki. Chuma kilikuwa kinagonga kwa shida, kama mtu anayebisha mlango kupitia blanketi.

"Hakijayeyuka," nikasema. "Damu imekigandia. Huyu anakufa na nyinyi mnatafuna mbuzi."

"Hospitali ni ya watu wasio na imani."

"Na hiyo miwani, uliombewa ama ulipimwa macho?"

Akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Waliokuwa wakila wakatazama sahani zao. Tabitha hakungoja jibu. Alikwenda kwa jirani mwenye Landrova, akarudi amekaa mbele, karibu na dereva.

Jioni, njiani kwenda Nairobi, Kariuki alinishika mkono. Nilikuwa nimemtayarishia matusi ya kutosha.

"Mama Njeri, nilijua sijapona," akasema kwa pumzi fupi. "Lakini watoto walihama chumba sababu ya kelele ya hiki chuma. Tabitha naye alikuwa anajifunika shuka masikioni. Nilipoacha vidonge, ikafifia. Nilitaka tu nyumba inyamaze."

Badala ya kumtukana, nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Madaktari walimpasua tena, wakamwekea vali mpya. Alipona, ila kipande cha damu iliyoganda kilikuwa kimeshapanda kichwani; mkono wake wa kulia haushiki jembe tena. Mhubiri alitangaza kanisani kwamba hata kupona huko ni jibu la maombi yake, na watu wakampigia makofi. Tabitha aliinuka, akamshika mumewe kwa ule mkono mlegevu, wakatoka nje.

Nilirudi Subukia nikiwadharau wote, isipokuwa hao wawili. Daktari alitufundisha namna ya kuishi na chuma. Hakuna aliyewafundisha wanaolala karibu nasi namna ya kukisikiliza, na nusura hilo limuue Kariuki.