Mgodi Uliotoka Mlangoni

Juzi nilimwona fundi akipaka rangi boksi ili lifanane na jiwe la jukwaani, nikacheka peke yangu.

Utotoni, kwetu Kalangalala, Mwalimu Kulwa alitaka mchezo wetu wa shule uwe na shimo la mgodi lenye mawe ya kweli. Akaleta magwangala, yale mawe yanayotupwa na mgodi, tukayapanga jukwaani mpaka ukumbi ukanuka vumbi. Tulipokuwa tukifunga pazia, akaingia jirani yetu, Mama Masanja. Akaokota jiwe, akalilamba, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Nami nikalamba langu, nikashangaa halina chumvi. Sikujua kwamba jiwe likilowa ndipo dhahabu huonekana.

"Hili lina kitu," alisema.

Muda si muda kina mama wakajaa na makarai, mgodi wetu ukaanza kutoka mlangoni.

"Jamani, mchezo ni jioni hii!" Mwalimu alilalama.

"Basi tutayarudisha, mwalimu," alijibu Mama Masanja, "ila kila mtu atalikalia la kwake."

Jioni pazia lilipofunguliwa, kina mama walikuwa jukwaani, kila mmoja juu ya jiwe lake, wakitazamana kwa macho makali. Watu walisema hawajawahi kuona waigizaji hodari kama wale.