Mtani alivyookoa video ya arobaini baada ya programu yangu kuona faili ni tupu

Wakuu, heshima kwenu wote, mnaochangia na mnaosoma kimyakimya.

Haya yamenitokea mwenyewe. Mwenye mashaka afike Ng'ambo hapa Tabora, aulizie fundi kompyuta wa kibaraza cha seremala, atanikuta.

Kibaraza chenyewe kilikuwa cha Mzee Ramadhani. Nilipotoka chuo sina mbele wala nyuma, alinichongea meza kwa mbao zake, akaniambia nikae hapo nifanye kazi. Hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini.

Mzee kafariki mwaka huu. Mungu amrehemu, nilimpenda sana.

Sasa mzee huyu na kamera walikuwa hawaivi. Ukimwelekezea simu anaweka kiganja usoni. Picha iliyobaki ni ile ya kitambulisho, na video hakuna hata moja.

Siku ya arobaini wakaja watani.

Kwa wasiojua, sisi Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kufanya kituko chochote. Atakwapua kitu chako mpaka ukikomboe, na atamwigiza marehemu, na huruhusiwi kununa.

Aliyekuja kwetu ni Mzee Sefu, Mzigua aliyezeekea hapahapa Tabora. Kavaa koti la marehemu, penseli sikioni, anachechemea vilevile, anapita akikagua benchi za wageni na kuguna. "Nani kapigilia msumari huu? Alikuwa na njaa huyu."

Watu walicheka mpaka machozi. Na mama, mjane wa mzee, ambaye tangu msiba hatukuwa tumeona jino lake, naye akacheka.

Mpiga video mmoja wa Nzega alikuwa anarekodi. Sefu alipomaliza, mama akaniita pembeni.

"Mwanangu, hicho kipande cha Sefu nitilie kwenye flash. Hawa wajukuu wa mwisho hawatamjua babu yao alivyokuwa anatembea."

Nikamwambia hilo dogo mama, sasa hivi.

Hapa wasio wa IT mnivumilie kidogo.

Faili kwenye disk halikai kama gogo moja. Limekatwa blocks, yaani vipande, nyingine huku, nyingine kule, na file system ndiyo inayojua kila moja iko wapi. Mimi nimeandika programu yangu ya kuhamisha mafaili. Inaiuliza kwanza file system, "vipande vya faili hili viko wapi?", halafu inanakili vilivyotajwa tu. Pasipotajwa inahesabu ni patupu, inajaza sifuri. Ikimaliza inafuta faili la mwanzo. Kwa mafaili makubwa yenye mapengo ilikuwa inakimbia balaa, na nilikuwa naringa nayo.

Basi nikavuta kile kipande kutoka kwenye memory card kuja kwenye laptop, na papo hapo nikakihamishia kwenye flash ya mama kwa programu yangu. Nikai-format card, nikamrudishia jamaa, maana alikuwa anawahi harusi kwao Nzega jioni ileile na alitaka card tupu.

Alasiri, wageni walipopungua, tukachomeka flash kwenye TV. Giza.

Ukubwa wa faili sawasawa. Ndani sifuri tupu, mwanzo mpaka mwisho.

Kilichotokea ni hiki. File system za siku hizi hazina haraka. Ukiandika faili, linakaa kwanza kwenye memory ya kompyuta, na mahali pake kwenye disk panapangwa baadaye kidogo. Mimi niliuliza vipande viko wapi wakati hakuna hata kimoja kilichokwisha kupangiwa. Toleo lile la zamani kwenye laptop yangu halikutaja kitu, na programu yangu ikaelewa hakuna kitu. Ikafuta faili ambalo disk ilikuwa haijaligusa bado.

Ni sawa na kumuuliza mtu kama ameoa, akakujibu bado, wewe ukaandika hataki.

Mama yuko mkekani na wajukuu wake, anasubiri.

Tumaini lilibaki kwenye card. Format ya haraka inafuta orodha tu, yaliyomo yanabaki mpaka uandike vitu vingine juu yake. Na jamaa alikuwa anaenda kuandika harusi nzima juu yake.

Nikampigia. Alishafika Nzega.

"Card ipi? Muulize yule mzee wenu. Kanikwapua wakati naaga, anataka jogoo. Nimenunua nyingine huku, niacheni."

Sijawahi kufurahia wizi kama siku ile.

Mzee Sefu nilimkuta uani anakula ubwabwa, koti la marehemu bado analo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jogoo yuko wapi?"

Nikamweleza yote. Akaacha kula. Akavua kofia, card ilikuwa kwenye pindo, akanikabidhi kwa mikono miwili. Halafu akaongeza, "Jogoo sijamsamehe. Mnyamwezi akizoea vya bure hatabeba tena mzigo."

Nikaisoma card kwa programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa. Blocks zote zilikuwepo, zimefuatana kama zilivyorekodiwa.

Mama aliangalia, Sefu kaketi nyuma yake. Ikafika pale Sefu anapochechemea, akasema, "Umekosea mguu, Sefu. Ulikuwa wa kulia." Kisha akaomba turudishe mwanzo. Safari hiyo alilia na kucheka kwa pamoja, mjukuu mdogo kamshika shingo.

Niliandika mkasa huu kwenye jukwaa la watengenezaji, na mtu nisiyemjua, wa nchi ya mbali, akanielekeza kwa upole. Usiulize vipande viko wapi, uliza data inaanzia wapi na pengo linaanzia wapi, mahali pa kuiweka waachie file system. Nimebadilisha, na kufuta sasa ni mpaka nakala ilinganishwe na ya mwanzo. Namshukuru sana.

Nilichojifunza, anayebuni jibu la mashine aweke "ipo", "hakuna" na "bado". Sisi tunayo hiyo bado kila siku mdomoni, nami niliisahau nilipokaa kwenye code.

Karibuni mchangie. Wenye ujuzi wa file system mnikosoe, na wengine mniambie watani wenu wamewahi kuwafanyia nini.

Jogoo nilimpeleka, mkubwa tu. Sefu alimpokea huku anachechemea, na safari hii kwa mguu wa kulia.