Pima Mbili na Nusu za Msala wa Nasra

Safari ya kwenda Kipungani kumlilia Baba imenigharimu shilingi elfu tisa na mia sita. Nimehesabu mara mbili. Humo mna nauli ya basi kwenda na kurudi, sukari na kahawa ya hitima, na boti ya kurudi. Boti ya kwenda haimo, na wanaonijua sokoni Kongowea hawataamini nikiwaambia kwamba kuna nahodha aliyenibeba bure, tena mimi ndiye niliyekuwa nikishindana naye nilipe.

Simu iliingia Mombasa kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa Bi Esha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"Rukia mwanangu, babako ametutangulia. Walilala wawili, ameamka mamako peke yake."

Nilikuwa na mambo mawili ya kuendea. La kwanza ni hilo. La pili ni msala wa binti yangu Nasra. Baba alikuwa na desturi: kila mjukuu akitimiza miaka saba, umri wa kuamrishwa swala, alimsukia msala kwa mkono wake. Wajukuu ni saba na misala ilikwisha toka sita. Wiki iliyotangulia aliniambia kwenye simu, "Mwambie mke wangu mdogo asinune, wake umebaki kidogo." Nasra alikuwa amekwisha kununa siku nyingi.

Hapa lazima nieleze jambo. Maisha yake yote Baba alikuwa mkata mikoko, mtu wa shoka na boriti. Kwetu Kipungani mikeka ni kazi ya wanawake. Lakini Mama aliposhikwa na baridi yabisi, vidole vikapinda kama makucha ya kaa, Baba alitundika shoka, akafunga mlango, akaanza kusuka yeye. Sisi watoto tukaificha siri hiyo miaka kumi na mmoja.

Na ukili wake, ule ukanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, ulikuwa na ila. Meno ya ukili wa watu wote yanaelekea kulia. Ya Baba yalielekea kushoto. Mikeka yake nikiiuza mimi. Mteja akiniuliza mbona umekwenda upande, nilimwambia hii ni nakshi adimu ya visiwani, nikaongeza hamsini. Moyoni nilidhani tu mkono uliozoea shoka haujui adabu ya mkindu.

Saa moja asubuhi nilikuwa kituoni. Nilimpunguzisha wakala wa basi mia mbili huku machozi yananitoka. Akanitazama, akasema, "Pole, mama. Lakini unalia na bado unakaza!" Nikamwambia macho na mkoba ni vitu viwili.

Malindi tulipita bila kushuka. Baada ya Garsen tukashushwa kwenye kizuizi, abiria wote foleni moja, vitambulisho mkononi. Jua lilikuwa utosini. Askari kijana, lafudhi ya bara, alikigeuza changu mbele na nyuma.

"Unaenda Lamu kufanya nini, mathe?"

"Baba amefariki."

"Woi, pole sana. Utawahi mazishi?"

Nikaangalia saa. Adhuhuri ilikuwa imeswaliwa. "Wanamzika sasa hivi," nikasema.

Alinirudishia kitambulisho kwa mikono miwili. Najua wanawake hatuendi makaburini. Nilichotaka ni kuwa ndani ya nyumba wakati jeneza linatoka mlangoni, nimshike Mama. Hicho nacho kilinipita, nimesimama kwenye foleni ya barabarani.

Mokowe tulifika baada ya alasiri. Nahodha wa boti alitaka elfu tatu kunipeleka Kipungani. Nikampa elfu moja. Akacheka.

"Bi, elfu moja hata injini haiwaki. Wenda kwa nani?"

"Kwa Bwana Athmani."

Kicheko kikakatika. "Yule mzee wa ukili?"

"Ukili gani?" nikauliza.

"Bi, visiwa vizima vyajua. Vijana walimtania barazani, 'Mzee, leo umetoka jikoni?' Akawajibu, 'Nimetoka. Nyinyi hata kuingia hamjajaliwa.'" Akaupokea mfuko wangu wa sukari. "Panda."

Nikatoa elfu mbili. Akakataa. Nikatoa mbili na mia tano. Tangu nizaliwe sijapata kupandisha bei ya kitu ninachonunua mimi. Akanitazama kwa huruma, akawasha injini.

Kipungani tuliingia jua linatua. Mama alikuwa ameketi pembeni mwa chumba cha ndani, ameanza eda, nguo nyeupe, hana hata pete. Tulilia mpaka Bi Esha akatuletea maji. Kisha Mama akaninyooshea kidole chake kilichopinda: "Wa Nasra ule pale." Juu ya kitanda palikuwa na bunda la ukili. Niliupima kwa mikono miwili iliyonyooshwa, nikarudia. Msala unataka pima kumi. Zilikuwapo saba, na chane za mkindu nchani bado zimechanua, kama kwamba mwenyewe amekwenda kutawadha tu.

Baada ya hitima ya siku ya tatu, Bi Esha, msukaji hodari, alijitolea amalize. Alishika ncha ile, akasuka, akafumua. Akasuka tena. Meno yake yalikwenda kulia, ya Baba kushoto, na pale yalipokutana palifura kama kovu.

"Mkono huu siuwezi," akasema, akauweka chini polepole. "Mumeo, Bi Fatuma, alifunzwa na nani?"

"Na mimi," Mama akajibu.

"Nawe wasuka kama sisi!"

Mara ya kwanza tangu nifike, nikaona uso wa Mama unalegea.

"Siku ya kwanza nalimwambia, keti ubavuni mwangu, ndivyo mtu afunzwavyo. Akakataa. Akaketi mbee yangu. Kasema, 'Nikiketi ubavuni ntaona mikono tu. Uso wako ntauona lini?' Basi akawa afuata mikono yangu kama mtu atazamae kioo. Mkono wangu wa kulia, kwake ukawa wa kushoto. Nikamwambia wakosea. Kasema, 'Na ukosee.'"

Bi Esha alijifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa nikiikumbuka mikeka yote niliyoiuza kwa nyongeza ya hamsini.

Mama akapiga kiganja sakafuni, mbele yake. "Rukia. Njoo."

Nikaenda kuketi pembeni yake. "Si hapo," akasema. "Mbee. Mahala pake."

Nikaketi. Busati pale lilikuwa limebonyea. Mama akainua mikono yake mitupu, akaanza kusuka hewani, taratibu: chini, juu, ruka mbili, kunja. Nikafuata kama ninavyoona. Shubiri ya kwanza ilikuwa aibu, nikaifumua. Ya pili nikaitazama: meno yalikuwa yakielekea kushoto. Nikainua macho nimwonyeshe, nikakuta ananitazama usoni, na inaonekana alikuwa akinitazama hivyo muda mrefu.

Siku nne tulikaa hivyo. Nilipata nusu pima. Mkono ukazoea, kwa kasi ile ningemaliza kwa wiki tatu nyumbani. Siku ya kurudi niliviringisha ukili, nikautia mkobani. Mama akautoa.

"Huu wakaa hapa."

"Mama, Nasra anaswalia kanga yangu. Babu yake alimuahidi."

"Mwambie angoje. Ukiya, twasuka nusu pima. Ukiya tena, nusu pima." Akaukumbatia kama mtoto. "Eda hii ina mwisho, Rukia. Ukiumaliza na huo, mbee yangu ataketi nani?"

Nilirudi Mombasa mkoba mwepesi. Nasra alinipokea mlangoni, akachungulia mkobani, akaenda zake chumbani bila kunisalimu.

Sasa nimehesabu. Zimebaki pima mbili na nusu. Kwa nusu pima kila safari, ni safari tano. Kwa elfu tisa na mia sita, ni elfu arobaini na nane, kwa msala ambao sokoni nauuza mia sita. Nikienda Idi zote mbili kila mwaka, Nasra atakuwa anakaribia miaka kumi, na Mama anakaribia themanini. Nimehesabu tena, nikitumai nimekosea.

Basi nyinyi mliozika wazee wenu mnishauri, nami sitabishana bei. Niuchukue ukili ule nimalize haraka, ahadi ya Baba ifike kwa Nasra angali mtoto? Au niende polepole, nusu pima kwa nusu pima, nikiomba Mungu Mama asiishe kabla ya ukili?